Bondia na Mtu wa Kizimba Wananinyima Usingizi

Nina malalamiko, na pa kuyapeleka sina. Balozi wa nyumba kumi, ambaye ndiye angeyapokea, hukaa benchi la mbele.

Hapa Didia, ukitoka Shinyanga mjini kuelekea Tinde, tulikuwa tukigombana kwa mambo ya maana. Ng'ombe wa fulani kaingia kwenye majaruba ya fulani. Mizani ya pamba inapunja. Simba na Yanga. Ugomvi wa namna hiyo una mwisho wake: mwenye ng'ombe atatozwa, mizani italaaniwa mpaka msimu ujao, na Simba na Yanga watakutana tena wamalizane wenyewe. Sasa jirani yangu mwenye kibanda umiza kapandisha dishi jipya juu ya bati, na dishi hilo limetushushia ugomvi usioisha: bondia na mtu wa UFC, wale wa kupigana kizimbani, wakikutana, nani analala?

Anayelala najua si mimi. Kati ya kibanda chake na kitanda changu kuna ukuta mmoja wa tofali za kuchoma. Zamani mapambano makubwa yalikuwa ya Marekani, na Marekani walau ina huruma, usiku wao ni asubuhi yetu. Floyd Mayweather na Conor McGregor walipopanda ulingoni Las Vegas Agosti 2017, huku ilikuwa Jumapili kama saa moja asubuhi, watu wamekwisha kuvaa za kanisani. Waliokosa misa ya kwanza walikwenda ya pili, na ubishi wakaufikisha mpaka kwenye foleni ya sadaka. Lakini siku hizi mwenye fedha ni Riyadh, na saa ya Riyadh na saa ya Didia ni moja, hatupishani hata dakika. Wakipandisha watu ulingoni usiku wa manane, na kwetu ni usiku wa manane, na mimi kukicha nina mashine ya kukoboa mpunga ya kuwasha. Mteja aliyefika na magunia yake kwenye mkokoteni hataki kusikia kwamba nimekesha kwa ajili ya Tyson Fury.

Wabishi wakuu ni wawili na kwa bahati mbaya wote ni wangu. Wangekuwa watu baki ningewafukuza.

Wa kwanza ni shemeji, kaka wa mke wangu, fundi baiskeli. Huyu ni mtu wa ngumi tangu enzi za kumsikiliza Rashid Matumla redioni. Kwake yeye dunia ilikamilika siku Hassan Mwakinyo wa Tanga alipokwenda Birmingham, Septemba 2018, hakuna anayemjua, akamsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili mbele ya watu wake mwenyewe. Hadithi hiyo hatoi baiskeli yako mpaka amalize kuisimulia. Ila ukimtajia Liverpool, Septemba 2022, Mwakinyo alipopiga goti raundi ya nne mbele ya Liam Smith na baadaye tukaelezwa habari za viatu vilivyobana, shemeji naye huanza kutafuta viatu vyake aondoke.

Wa pili ni mpwa wangu, mtoto wa dada, mchimbaji mdogo huko Mwakitolyo. Duara, yaani shimo lao, likitema dhahabu hushuka Didia na vitu vitatu: fedha, simu kubwa na elimu. Elimu yenyewe kaipata kwenye hiyo simu, akisubiri zamu ya kuzama. "Mjomba," huniambia, akininyooshea vidole usoni bila heshima yoyote, "bondia ana silaha mbili tu. Mtu wa UFC ana nane: ngumi, viwiko, magoti, miguu. Na hapo hujaweka ngwala. Hujaweka roba." Roba! Sisi wengine roba tunayoijua ni ile ya gizani karibu na stendi, ambayo ukizinduka huna simu. Yeye anaitaja kama sakramenti.

Shemeji humjibu kwa upole wa mtu anayeziba pancha. Anamuuliza: mtu kaanguka chini, kalala, halafu unamfuata kulekule chini umpige, huo ni mchezo au ni wivu wa mapenzi? Kwenye ngumi mtu akianguka anahesabiwa, anapewa nafasi ya kukumbuka jina lake. Kule hakuna kuhesabiwa. Glavu za bondia wa uzito wa juu zina aunsi 10, zile za kizimbani aunsi 4 na vidole viko nje. Mpwa anasema ndiyo uanaume huo. Shemeji anasema hata panya road hawana glavu, mbona hawapewi mikanda.

Sasa hapo ndipo alipotokea Francis Ngannou, akaharibu kila kitu.

Mwajua habari zake. Mcameroon wa kijiji cha Batié, utoto wake kaumalizia kwenye machimbo ya mchanga, koleo mkononi. Akavuka Sahara, akahangaika Morocco, akaingia Hispania, mwaka 2013 akafika Paris na kulala kwenye maegesho ya magari. Machi 2021 akamlaza Stipe Miocic akawa bingwa wa UFC wa uzito wa juu. Januari 2023 akaachana nao, wakiwa wameshindwana kwenye mkataba. Mpwa akiisimulia hii machozi humlengalenga, kwa sababu ya lile koleo. "Mchimbaji mwenzangu huyo, mjomba." Nikamwambia mchanga si dhahabu. Akaniambia mgongo hauulizi unabeba nini. Hapo alinishinda, nakiri.

Oktoba 28, 2023, Riyadh. Ngannou, ambaye hajawahi kupigana hata pambano moja la ngumi za kulipwa, anapandishwa na Tyson Fury, bingwa wa WBC. Mkanda wenyewe haukuwekwa mezani. Mimi niko kitandani, nasikiliza kupitia tofali. Raundi ya kwanza kelele za kawaida. Ya pili, mtu kakohoa. Ya tatu nikasikia kishindo, nikadhani paa la kibanda limeanguka, nikatoka na tochi. Kumbe Fury ndiye aliyeanguka, kwa ngumi ya kushoto, na waliokuwa ndani wote wametoka nje wanakimbia ovyo barabarani kama wamefungwa injini. Balozi wangu mbele. Raundi kumi zikaisha, majaji wawili wakampa Fury, 96 kwa 93 na 95 kwa 94, wa tatu akampa Ngannou 95 kwa 94. Mpwa akatangaza kwamba ngumi kama mchezo zimezikwa rasmi, na akataka shemeji afiwe.

Miezi ile sikuwa na raha. Ukienda kununua michembe sokoni unaambiwa bondia si mtu. Ukipanda bodaboda kwenda Tinde unaelezwa njia nzima namna Fury alivyokaa chini. Mpaka Machi 8, 2024, Riyadh ileile, Ngannou akakutana na Anthony Joshua. Raundi ya kwanza, chini. Raundi ya pili, chini. Raundi ya pili hiyohiyo, chini tena, na safari hii akabaki kulekule. Kibanda kilinyamaza, na usiku ule nililala vizuri ajabu. Wala sijui kama ni haki kwa watu waliolipa kiingilio cha pambano kubwa wakaonyeshwa raundi mbili, lakini huo si ugomvi wangu.

Shemeji aliamka mapema akapita nyumbani kunisalimu, kitu ambacho hakifanyi hata siku ya Krismasi.

Jambo ambalo wote wawili walikuwa wakilifunika ni kwamba Ngannou alifika Paris akitafuta ngumi. Ndoto yake ilikuwa Mike Tyson. Habari za kizimba alishauriwa huko huko, kwamba kuna fedha na njia ni fupi. Kwa hiyo akimwangusha Fury, mpwa anasema ni UFC hiyo. Shemeji anamkumbusha kwamba ngumi aliipenda kwanza. Akiangushwa na Joshua, shemeji anasema mnaona, huyu si bondia; mpwa anasema si bondia ndiyo, mlitaka nini? Akishinda ana wajomba wawili. Akipigwa ni yatima.

Wakaamua niwe mwamuzi, eti kwa kuwa navaa miwani. Sikutaka. Nilikuwa na mkanda wa mashine uliokatika na fundi hapokei simu. Lakini walipokaa kwenye magunia yangu na kukataa kuondoka nikawauliza swali moja: mkataba uliandikwa na nani?

Kwa sababu ukitazama vizuri, mshindi hujulikana kabla ya kengele. James Toney alikuwa bondia kwelikweli, bingwa wa dunia katika uzito zaidi ya mmoja. Agosti 28, 2010, Boston, akaingia kizimbani kwa sheria za UFC na Randy Couture. Couture hakuhangaika na ngumi zake. Alimfuata mguuni, akamtia chini, akamkaba, raundi ya kwanza haikuisha. McGregor naye, bingwa wa kizimbani, kaenda Las Vegas kwenye sheria za ngumi: hakuna teke, hakuna kiwiko, hakuna kumkumbatia mtu na kumlaza. Raundi ya kumi refa akamwonea huruma, Mayweather akatimiza mapambano 50 bila kupoteza hata moja. Mpwa, wa kwako alipigwa alikokwenda. Shemeji, na wa kwako vilevile. Mnabishania nini?

Mpwa wangu anapaswa kulijua hili kuliko mimi. Huko Mwakitolyo hata uwe na mikono ya Ngannou, uzame futi mia, utoke na mawe yanayong'aa, mwenye leseni atakuja na viatu visivyo na vumbi achukue mgao wake kwanza. Hajashika sururu. Kashika karatasi. Nilipomwambia hivyo alinyamaza muda mrefu, akasema, "Mjomba, usiniharibie siku."

Na wakijaribu kuandika karatasi ya kumridhisha kila mtu, matokeo yake ni Tokyo. Juni 26, 1976, Muhammad Ali na mpigana mieleka wa Kijapani, Antonio Inoki, ukumbi wa Budokan. Raundi 15. Inoki, kabanwa na masharti hata hajui afanye nini, akalala chali na kuanza kumpiga Ali mateke ya miguuni, raundi baada ya raundi. Ali anamzunguka, anamtukana, anamwomba ainuke. Mtu mkubwa kama yule, ngumi alizorusha pambano zima ni za kuhesabu kwa vidole. Wakatangaza sare. Watazamaji wakarusha takataka, na Ali akaishia hospitali kwa ajili ya miguu. Sijui kama kuna aliyewahi kulipwa vizuri hivyo kwa kuzunguka mtu aliyelala. Huku kwetu kazi hiyo hufanywa na askari wa mgambo, tena kwa mkopo.

Sisi pia hatukubaki nyuma. Japhet Kaseba, bingwa wetu wa mateke, alivuka akaja kwenye ngumi na kukutana na Francis Cheka wa Morogoro. Kaseba aliheshimika, mguu wake uliogopwa. Lakini mguu uliachwa nje ya mkataba, na Cheka akashinda. Shemeji alilikumbuka pambano hilo kwa furaha, akataka kutuigiza kwa kutumia pampu ya baiskeli, nikamzuia.

Hapo ndipo alipoingilia mzee mmoja aliyekuwa kaleta debe zake za mpunga. Alipigana vita ya Kagera, na ana tabia ya kunyamaza mpaka unasahau yupo. Akasema pambano la aina hii lililokuwa kubwa kuliko yote halikupigwa, na lilikuwa la kwetu. Vijana hawakumwelewa. Mimi nilimwelewa.

Idi Amin, kabla ya kuwa mkuu wa chochote, alikuwa bondia, bingwa wa Uganda miaka ya 1950, mtu mkubwa kupita mlango. Vita yake na Tanzania ilipowaka mwaka 1978 akatoa pendekezo mbele ya dunia: yeye na Nyerere waingie ulingoni wamalizane wenyewe, Muhammad Ali awe refa. Na kwa kuwa Mwalimu ni mdogo wa umbo, Amin yuko tayari kufungwa mkono mmoja. Fikirini pambano hilo. Upande huu mwalimu wa shule kutoka Butiama na kifimbo chake, upande ule bondia mwenye medali mpaka kwenye mbavu. Kibanda kingejaa.

"Mwalimu hakujibu," mzee akasema. "Angejibu vipi? Ulingo wa mwenzako, kengele ya mwenzako. Alikuwa na uwezo, sababu na nia, ulingo hakuuhitaji. Sisi tukaenda kwa miguu." Aprili 11, 1979, Kampala ikaanguka, na bingwa wa miaka ya hamsini akaelekea Libya.

Kuna nyongeza ambayo mzee hakuisema nikaisema mimi, maana na mimi nina haki ya kuongea kwenye mashine yangu. Ali mwenyewe alifika Dar es Salaam Februari 1980, katumwa na Rais Carter kutuomba tusiende Olimpiki ya Moscow. Mwalimu hakumpokea. Wanasiasa wana maelezo yao marefu. Mimi nadhani aliambiwa Muhammad Ali yuko mlangoni, akajua ni yule refa kafika. Moscow tulikwenda, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha, kwa kukimbia, mchezo ambao sheria zake hazihitaji mwanasheria.

Mzee alipoondoka nilidhani tumemaliza. Mpwa akaanza: basi waandike mkataba wa nusu kwa nusu, raundi ya kwanza ngumi, ya pili UFC. Shemeji akasema basi na raundi ya tatu waendeshe baiskeli. Mke wangu, ambaye alikuwa anapeta chenga na hakuna aliyemwomba maoni, akauliza kwa nini wasiwape kila mmoja uwanja wake.

Yeye kakulia upande wa Kisesa, na huko jambo hili walilimaliza zamani za babu zao. Ngoma za Wasukuma zina vyama viwili, Bagika na Bagalu. Kila chama kina mitindo yake na dawa zake, na kila mmoja ana uhakika kwamba mwenzake ni mshamba. Mavuno yakiisha, hasa kwenye sikukuu ya Bulabo pale Bujora, wanakutana kushindana. Lakini hawachezi kwa sheria za mmoja. Wanacheza kwa wakati mmoja, huyu huku na huyu kule, kila mtu kwa mtindo wake, kama ni nyoka lete nyoka, kama ni nungunungu lete nungunungu. Watu wako katikati. Wanakokimbilia ndiko kwenye mshindi. Jaji hana kalamu, ana miguu.

Nikasema hilo ndilo la kuwaandikia Riyadh. Joshua amvunje mtu wa kumvunja ulingoni kwake, Ngannou amkabe mtu wa kumkaba kizimbani kwake, uwanja mmoja, saa moja, na watu waachiwe wakimbilie wanakotaka. Shemeji na mpwa wakatazamana. Kwa mara ya kwanza walikubaliana jambo, kwamba shangazi na mjomba wao hawajui michezo. Shemeji akasahau hata kwamba mke wangu ni dada yake, akamwita shangazi.

Huku nyuma jirani yangu haumii. Ngumi zikishinda analipwa, kizimba kikishinda analipwa, sare pia analipwa, na umeme ukikatika raundi ya tatu harudishi. Yule ndiye promota pekee ninayemjua kwa sura, na namheshimu kuliko mnavyodhani. Siku hizi kapandisha bei, anasema vinywaji na viti vimeboreshwa. Viti ni vilevile, kapaka rangi.

Mwamuzi lazima atoe hukumu, basi pokeeni. Ulingoni mshindi ni bondia. Kizimbani mshindi ni mtu wa kizimba, na Ngannou mwenyewe alilithibitisha Oktoba 19, 2024, aliporudi kizimbani na kummaliza Renan Ferreira raundi ya kwanza. Wakichanganywa, mshindi ni aliyeandika karatasi. Rufaa haipo. Shemeji arudishe pampu yangu, mpwa arudi Mwakitolyo duara halijachukuliwa na wenzake, na jirani, kama unanisikia kupitia hilo tofali, pambano lijalo la Riyadh punguza sauti kuanzia saa sita, maana Jumatatu nina magunia ya watu.